Umehama au uko safarini Marekani: njia tano za kupata chaneli za mji kwa dishi, na ipi inamfaa nani

Dishi lililokuwa likikamata vizuri Chicago, ukilisimika Phoenix, litaendelea kukuonyesha chaneli za kitaifa kana kwamba hujahama. Zinazopotea ni za mji: stesheni za mitandao mikubwa ya televisheni, ABC, CBS, NBC na FOX, za kule ulikotoka, na pamoja nazo habari za jioni, utabiri wa hali ya hewa na mechi za timu ya nyumbani. Wengi wakiona hivyo hupanda juu kulenga dishi upya, mara ya pili, mara ya tatu, hadi wanaharibu hata kilichokuwa sawa. Kwa kawaida dishi halina kosa lolote.

Makufuli mawili

Kufuli la kwanza ni mwale. Chaneli ya kitaifa hurushwa na setilaiti kwa mwale mpana unaofunika Marekani bara yote. Chaneli za mji hazirushwi hivyo. Kila eneo lina mwale wake mwembamba, ili masafa yaleyale yatumike tena kwa miji mingine iliyo mbali. Bila mpango huo, nafasi angani isingetosha stesheni za nchi nzima. Ndiyo maana ukitoka nje ya mwale wa Chicago hakuna cha kukamata, na kununua dishi kubwa zaidi hakusaidii isipokuwa kama uko pembezoni kabisa. Na hapo pembezoni utakutana na jambo linalochanganya: picha safi jua likiwaka, vipande vipande wingu zito likitanda.

Kufuli la pili ni anwani. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni, imeigawa nchi katika masoko 210 ya televisheni, kwa sehemu kubwa kaunti kwa kaunti. Sheria ya mwaka 1999 iliyoziruhusu kampuni za setilaiti kubeba stesheni za mji inawapa ruhusa ya kuzionyesha ndani ya soko la stesheni hizo. King'amuzi chako hufunguliwa kwa kufuata anwani ya huduma iliyo kwenye akaunti. Unaweza kuhama maili 30 tu, ukabaki ndani ya mwale uleule, lakini kwa kuvuka mpaka wa kaunti soko likawa jingine. Chaneli za soko jipya hazitafunguka hadi anwani ibadilishwe, hata kama mawimbi yake yanamiminika kwenye dishi.

Kabla ya kuchagua njia, jua ni kufuli gani limekufungia. Kwenye ving'amuzi vya DirecTV, mojawapo ya kampuni mbili kubwa za televisheni ya setilaiti, ujumbe wenyewe unakuambia. Namba 771 maana yake kinatafuta mawimbi na hakiyapati. Ikitokea kwenye chaneli za mji peke yake huku za kitaifa ziko sawa, umetoka nje ya mwale. Namba 721 maana yake chaneli haijafunguliwa kwenye akaunti yako, na hapo suluhisho ni anwani au kifurushi, si dishi. Ukifungua ukurasa wa nguvu za mawimbi, utaona orodha zenye alama kama 99(s) na 103(s); namba ni nafasi ya setilaiti angani. Hizo ndizo za miale myembamba, na sufuri nyingi ndani yake ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu ni miale ya miji mingine. Usihangaike nazo. Zinazotakiwa kuwa juu ni za 101 na za 99(c).

Kwa mwenye haraka

Umehama nyumba moja kwa moja: badilisha anwani ya huduma, basi. Unakaa mahali pamoja wiki tatu au zaidi kisha unaondoka: badilisha anwani, na uwe na antena ya hewani pembeni. Unalala mji tofauti kila siku mbili tatu: antena ya hewani ndiyo nguzo, dishi libaki kwa chaneli za kitaifa. Dereva wa lori au mtu anayeishi kwenye karavani mwaka mzima, asiyejali habari za mji wowote ila anataka vipindi vya mitandao mikubwa popote alipo: chaneli za mbali, yaani stesheni za mji mwingine mkubwa, zinamfaa. Na mwenye intaneti nzuri isiyo na kikomo anaweza kuliacha dishi kabisa.

| Njia | Unapata chaneli za wapi | Inashindwa lini |
|---|---|---|
| Kuacha anwani ilivyo | Mji ulikotoka | Ukitoka nje ya mwale |
| Kubadilisha anwani ya huduma | Mji ulipo | Ukihamahama kila siku chache |
| Chaneli za mbali | Miji mikubwa, popote ulipo | Dishi lisipofungwa kwa kudumu kwenye gari |
| Antena ya hewani | Mji ulipo, papo hapo | Mbali na minara, nyuma ya milima |
| Intaneti | Hutegemea huduma | Intaneti dhaifu au yenye kikomo |

Kuacha anwani ilivyo dhidi ya kuibadilisha

Kuacha anwani ilivyo kuna faida moja ya kweli: vipindi ulivyopanga kurekodi vinaendelea, na namba za chaneli hazibadiliki. Kwa safari ya wikendi isiyokwenda mbali ni chaguo zuri. Kasoro yake huonekana unapovuka ukingo wa mwale, na ukingo huo haufuati mpaka wa jimbo wala barabara yoyote unayoijua.

Kubadilisha anwani hufanyika kwa simu, kwa mazungumzo ya maandishi au kwenye akaunti. Sema waziwazi kwamba unataka kubadilisha anwani ya huduma na kuiacha anwani ya bili ilivyo. Ni vitu viwili tofauti, na zikichanganywa bili yako itatumwa uwanja wa karavani ulikoondoka mwezi uliopita. Uwe na anwani kamili yenye msimbo wa posta. Uwanja wowote wa karavani unayo ya kwake. King'amuzi kiwe kimewashwa na dishi liwe limeshakamata wakati unaongea nao, kwa sababu ruhusa mpya hushuka kupitia setilaiti yenyewe. Kikiwa kimezimwa ndani ya boksi, ruhusa inapita na hakuna wa kuipokea. Baada ya hapo kizime na kukiwasha upya. Ratiba ya vipindi inaweza kuchelewa kujaa kuliko chaneli zenyewe, kwa hiyo ukiona picha ipo lakini majina ya vipindi hayapo, subiri.

Kuna wanaotoa anwani ya uongo ili wapate mechi za mji mwingine. Mbali na kuvunja mkataba, haiwafikishi mbali: mechi zinazozuiwa kwa eneo hufungwa kwa kufuata msimbo wa posta wa akaunti, kwa hiyo unafungua mji mmoja na kujifungia mwingine, na mwale nao unabaki palepale ulipo.

Chaneli za mbali: nani hasa anaruhusiwa

Hii ndiyo njia inayoelezwa vibaya kuliko zote. Zamani mtu aliyeishi mahali pasipofikiwa na antena aliweza kupewa stesheni za mitandao mikubwa kutoka mji wa mbali, mara nyingi New York na Los Angeles. Sheria ya mwaka 2019 ilipunguza mlango huo. Tangu mwisho wa Mei 2020 ruhusa imebaki kwa makundi matatu: wenye karavani, madereva wa malori ya biashara, na wakazi wa masoko yanayokosa stesheni ya mtandao fulani. Tena kampuni inayotumia ruhusa hiyo lazima iwe inahudumia masoko yote 210. DISH, kampuni ya pili kubwa ya setilaiti, imekuwa ikifanya hivyo tangu 2010. Kwa kampuni yoyote, uliza kwanza kama inaitoa kwa kifurushi chako kabla ya kuipangia safari.

Masharti kwa mwenye gari yanasomwa neno kwa neno. Dishi lazima liwe limefungwa kwa kudumu kwenye gari. La stendi ya miguu mitatu unalolitoa na kulisimika nje halihesabiki. Unatia sahihi tamko lenye anwani ya nyumba yako ya kudumu, ukikiri kwamba dishi hilo halitatumika kwenye nyumba isiyohama, na unaambatanisha nakala ya usajili wa gari. Dereva wa lori huongeza nakala ya leseni yake ya biashara. Nyumba ya kiwandani iliyowekwa uwanjani haihesabiki kuwa karavani, hata kama ina magurudumu chini yake.

Faida yake ni utulivu: chaneli zilezile kutoka Florida hadi Montana. Hasara yake ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa Oklahoma mwezi Mei unatazama stesheni ya New York, tahadhari ya kimbunga cha ardhini iliyotolewa kwa kaunti uliyolala haitatokea kwenye kioo chako. Atakayeipata ni aliyewasha stesheni ya Oklahoma City.

Antena ya hewani, na kwa nini naipa nafasi ya kwanza kwa msafiri

Ukilinganisha na njia nyingine zote, antena ndiyo pekee isiyouliza anwani. Unafika, unainyanyua, unasechi chaneli upya, unapata za mji ulipo bila malipo ya mwezi. Kampuni ya dishi ikigombana na mmiliki wa stesheni kuhusu malipo na chaneli ikaondolewa, antena inaendelea kama kawaida. Mvua kubwa hufifisha mawimbi ya setilaiti, hasa yale ya masafa ya juu yanayobeba chaneli za mji za DirecTV, ilhali mawimbi ya minara huyumba kidogo sana. Maana yake ni kwamba dishi hukuacha dakika zilezile unazohitaji kujua dhoruba iko wapi. Kwa sababu hiyo, hata anayebadilisha anwani namsihi abebe antena, na juu yake redio ndogo ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali ya hali ya hewa, inayosikika kati ya MHz 162.400 na 162.550.

Kinachokosewa mara nyingi ni aina ya antena. Stesheni za leo hurusha katika bendi tatu: VHF ya chini, chaneli 2 hadi 6; VHF ya juu, 7 hadi 13; na UHF, 14 hadi 36. Namba unayoiona kwenye TV si lazima iwe namba ya kweli inayorushwa. Stesheni nyingi zilihamia UHF zikabaki na jina la zamani, lakini si zote. Chukua ABC ya Philadelphia, chaneli 6. Inarusha kweli kwenye chaneli 6 ya VHF ya chini, ambako wimbi moja lina urefu wa takriban mita 3.5. Antena bapa ya kubandika dirishani, iliyotengenezwa kwa UHF, ni ndogo mno kwa wimbi la namna hiyo. Unaweza kupata chaneli nyingine nyingi za Philadelphia ukose hiyo, kisha uilaumu TV. Kabla ya kununua, angalia kwenye ramani ya mapokezi ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, chaneli halisi za mahali unapokwenda.

Umbali una kikomo. Dunia ni mviringo, na zaidi ya maili 60 au 70 kutoka mnarani mawimbi mengi hupita juu yako. Maandishi ya "maili 150" kwenye boksi ni ya kuuzia tu. Kimo cha antena kinasaidia kuliko ukubwa wake: kuitoa dirishani na kuipandisha juu ya paa la karavani mara nyingi huleta chaneli zilizokuwa zimekataa kabisa. Mwelekeo nao hutofautiana mji kwa mji. Phoenix ni rahisi, kwa kuwa minara mikubwa imekusanyika juu ya South Mountain. Ilenge huko na umemaliza. Mahali ambapo minara imetawanyika utahitaji antena inayopokea pande zote, au uizungushe na kusechi tena.

Kikuza mawimbi hufungwa karibu na antena, si nyuma ya TV, kwa sababu kazi yake ni kuokoa mawimbi kabla hayajapotea ndani ya waya. Na ukiwa karibu na minara kizime. Karavani nyingi zina kikuza chenye swichi ndogo ukutani, na mawimbi yakizidi nguvu TV inashindwa kuyasoma, ikasema hakuna chaneli hata moja ilhali mnara unauona kwa macho.

Ving'amuzi kadhaa, kama Wally na Hopper vya DISH, hupokea kifaa kidogo cha USB kinachounganishwa na antena. Chaneli za hewani hujipanga pamoja na za dishi kwenye orodha moja, na unaweza kuzirekodi. Kwa msafiri huu ni mpangilio mzuri sana.

DISH au DirecTV kwa anayesafiri

Kwa nyumba isiyohama tofauti ni ndogo. Barabarani ni kubwa. DirecTV hutuma chaneli zake za HD, zikiwemo za mji, kutoka setilaiti za nyuzi 99 na 103 magharibi kwa masafa ya Ka, na hutumia 101 kwa Ku, masafa ya chini kuliko Ka. Kuba nyingi za juu ya paa, yaani madishi yaliyofichwa ndani ya kifuniko cha mviringo, zinakamata Ku peke yake, kwa hiyo HD ya DirecTV hazipati. Utahitaji dishi la wazi lenye LNB (kipokezi kilicho mbele ya dishi) ya setilaiti tatu, iwe la stendi au linalojiinua lenyewe juu ya paa.

DISH hutumia Ku, ndiyo sababu kuba ndogo za kubebeka za chapa za Winegard na King zinakamata HD yake. Ila kuba ya namna hiyo hutazama setilaiti moja kwa wakati. Ukiwa na ving'amuzi viwili, mmoja akibadilisha kwenda chaneli iliyo kwenye setilaiti nyingine, wa pili anapoteza picha. DISH pia ina makundi mawili ya setilaiti: la magharibi, lenye 110 na 119, na la mashariki, lenye 61.5 na 72.7. Usilichague kundi kwa mazoea. Ukiwa Phoenix, 119 iko juu kwa nyuzi 50 hivi, lakini 61.5 iko nyuzi 24 tu, na mti wa jirani unatosha kuifunika. Zaidi ya hapo, miale ya chaneli za mji wa magharibi huenda isiwepo kabisa kwenye setilaiti za mashariki. Ukiona chaneli za kitaifa zote zipo na za mji hakuna hata baada ya kubadilisha anwani, angalia kuba imefuata kundi gani.

DISH pia huuza mpango wa mwezi kwa mwezi kwa wenye karavani, unaosimamishwa na kuendelezwa utakavyo. Kwa anayesafiri miezi minne kwa mwaka, hilo peke yake linaweza kuamua.

Intaneti

Huduma za kutazama kwa intaneti nazo zina kufuli la mahali. YouTube TV, kwa mfano, hukuonyesha chaneli za mji ulipo unaposafiri, si za nyumbani, na inakutaka uingie ukiwa eneo la nyumbani angalau mara moja kila miezi mitatu. Huduma nyingine hufunga chaneli za moja kwa moja kwenye intaneti ya nyumba moja, na hizo hazimfai msafiri. HD hula hadi GB 3 kwa saa. Ukitumia intaneti ya simu au ya setilaiti, huduma inaweza kukuhesabu uko mji mwingine kabisa. Kuthibitisha mahali kwa simu ya mkononi mara nyingi hurekebisha.

Kulisimika dishi mahali papya

Setilaiti zote ziko upande wa kusini, kwa hiyo aliyehamia ghorofa yenye baraza la kaskazini asipoteze hela. Sheria ya FCC ya mwaka 1996 inamlinda mpangaji kuweka dishi lisilozidi mita 1 mahali anapopatumia peke yake, kama baraza lake, lakini si kwenye paa la wote.

Vipimo hubadilika kuliko unavyodhani. Kutoka Chicago, setilaiti ya 101 ya DirecTV iko uelekeo wa nyuzi 200, kimo nyuzi 40. Kutoka Phoenix iko nyuzi 160, kimo nyuzi 49. Hizo ni nyuzi za kaskazini ya kweli, na dira haisomi hivyo. Phoenix toa takriban 10, ulenge 150 kwenye dira. Chicago ongeza kama 4. Dira iweke mbali na karavani, maana chuma huivuta.

Anza na mlingoti. Ukiwa haujasimama wima kabisa, kimo ulichoweka kinabadilika kila unapozungusha, na hutapata kitu. Tumia pima maji pande mbili. Kisha zungusha polepole, nyuzi moja moja, ukisubiri sekunde kadhaa kila hatua. Kwa DirecTV, usiridhike na 101 kusoma nguvu za 95, kwa sababu mwale wa Ka ni mwembamba zaidi, na 99 na 103 zinaweza kuwa sufuri huku 101 inang'aa. Maliza kwa kusawazisha hizo mbili. Kuhusu miti, kwa kimo cha nyuzi 40, mti unaolizidi dishi kwa mita 10 unatakiwa uwe mbali mita 12 au zaidi.

Kama LNB ni ya SWM, mfumo wa DirecTV wa waya mmoja, hakikisha kifaa cha volti 21 kinachoipelekea umeme kimechomekwa, na kwamba waya wake unapita kwenye tundu la kigawanyio lililoandikwa kuwa linapitisha umeme. Tundu lisilo sahihi huleta 771 kwenye chaneli zote, na hapo ndipo watu huanza tena kulizungusha dishi lililokuwa limelengwa vizuri.

Mwisho ni ratiba za kurekodi. Baada ya anwani kubadilika, zilizopangwa kwa chaneli za mji wa zamani hazihamii zenyewe kwenye mji mpya hata kama mtandao ni uleule. Zifute, uziweke upya kwenye chaneli mpya siku hiyohiyo ratiba ya vipindi inapokamilika kujaa.